Shakwe wa Mguu Mmoja

Baba yangu alikuja Ikola kulinda dagaa, na ndege wakamfanya kichekesho tangu asubuhi ya kwanza.

Nilikuwa nimeolewa hapo na mvuvi, mtu wa ziwani toka kwa babu zake, na kazi yangu ilikuwa ile ya wanawake wote wa ufukwe ule. Mitumbwi ikirudi alfajiri tunapokea dagaa kwa ndoo, tunawamwaga kwenye mchanga uliofagiliwa, tunawatandaza kwa vidole mpaka hakuna aliyemlalia mwenzake, halafu tunaomba jua. Dagaa wa Ziwa Tanganyika akikauka vizuri anang'aa, na wachuuzi wa Mpanda wanamgombania sokoni Kashaulili. Akinyeshewa anakuwa uji, na hata bata hamtaki.

Mama alifariki mwaka wa tisini. Baba akabaki peke yake Mishamo, kwenye makazi ya watu wetu waliokimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili, na kila niliyekutana naye akitoka huko aliniambia anakonda. Nikamfuata mwenyewe. Akaja na jembe, blanketi na kibali cha kutoka makazini, maana watu wetu wakati ule hawakuruhusiwa kutembea walivyotaka. Mimi nilizaliwa huku. Yeye alivuka akiwa kijana aliyeoa juzi tu, mama akiwa na mimba yangu, na nyuma alimwacha mama yake mzazi kwenye kilima chao, kwa sababu bibi alikataa kutoka. Kwa miaka yote hiyo habari zake zilikuja kwa midomo ya wapita njia: yu hai, anaumwa, amepona, bado yu hai.

Baba alikuwa mkulima, na ziwa hakulipenda. Alisema maji mengi kiasi kile hayana adabu. Mume wangu alipomkaribisha mtumbwini alijibu kwamba familia moja haihitaji wendawazimu wawili. Basi nikampa kazi ya kukaa nchi kavu na kuwafukuza ndege, nikijua ataiweza, kwa kuwa kule Mishamo alikuwa bingwa wa kuamia ndege kwenye mpunga.

Alianza kama mkulima. Alifunga kamba za makopo kutoka mti hadi mti. Alisimamisha sanamu la mtu, akalivika koti kuukuu la mume wangu na kofia ya majani. Kesho yake jua lilipotoka, ndege mkubwa kuliko wote alikuwa amesimama juu ya kofia, ametulia, na mgongo wa koti ulikuwa mweupe kwa kinyesi. Wanawake wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Baba alilivua lile koti, akalifua ziwani, na tangu siku hiyo akawa na ugomvi binafsi na wale ndege.

Niwaeleze walivyo. Pale ziwani wapo wadogo wenye kichwa cha kijivu, wanaokaa mwaka mzima, hao siwasemi. Nawasema wale wakubwa. Mgongo na mabawa ni meusi kabisa, kichwa na kifua ni cheupe kuliko shati la Pasaka, miguu ya njano, mdomo wa njano wenye doa jekundu kwa chini, na jicho la njano hafifu linalokutazama bila haya wakati mwenyewe anakuibia. Sisi tuliwaita ndege wa dagaa tu. Jina la shakwe lilikuja baadaye. Walifika na mvua za kwanza, mwezi wa kumi na moja, na mvua zilipokatika waliondoka. Wavuvi waliwaheshimu. Huko katikati ya maji, samaki aina ya migebuka wanapowafukuza dagaa kuja juu, ndege hawa ndio wanaoonekana kwanza, wakizunguka na kujitupa, na mvuvi mwenye akili anageuza mtumbwi kuelekea huko.

Pamoja nao walikuwapo wengine wa umbo lile lile, ila wa rangi ya kahawia iliyochanganyika kama ganda la muhogo, mdomo mweusi, sauti ya kulialia. Hawa wa kahawia, weusi walipoondoka, wao walibaki. Kwa hiyo ufukwe mzima, tangu babu wa mume wangu, ulijua kwamba hao ni ndege wa aina mbili: weusi ni wageni, wa kahawia ni wenyeji. Hakuna aliyeuliza zaidi. Ukitaka kujua wageni wanataga wapi, wavuvi wetu walikuonyesha milima ya Zaire ng'ambo ya pili. Nao wavuvi wa Zaire, waliokuja kukausha nyavu kwetu, waliapa kwamba wanataga kwetu, huko milimani nyuma ya Mwese. Katika pande zote mbili za ziwa hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuliona yai.

Baba alichagua upande. Weusi aliwapiga mawe, na wa kahawia aliwafukuza kwa upole. Nilipomtania kwamba anapendelea, alisema hawa angalau wana kwao, hawaji kula na kuondoka. Wavuvi walimcheka kwa hilo pia, maana wao walikuwa wanamwita mgeni yeye mwenyewe, na Mrundi, kwa utani ambao siku nyingine haukuwa utani.

Katika wale wa kahawia alikuwapo mmoja mwenye mguu mmoja. Hatukumtambua mapema kwa sababu ndege hawa wote hupumzika kwa mguu mmoja, wa pili wameuficha ndani ya manyoya. Wakisimama mstari mzima juu ya mawe, kila mmoja ni kilema. Baba ndiye aliyegundua. Alirusha jiwe, wote wakashusha miguu ili wakimbie, yule hakuwa na cha kushusha. Uzi wa nyavu ulikuwa umemkata juu ya kifundo. Aliruka akatua tena kwa mguu mmoja, akayumba, akasimama sawa. Baba aliyekuwa ameokota jiwe la pili alilitupa pembeni. Tangu hapo yule ndege alikula dagaa zangu kwa kibali maalumu, nami nikinung'unika naambiwa ni mlemavu.

Mvua zilipokatika weusi wakaondoka, yule akabaki, kama ilivyotarajiwa kwa mwenyeji. Alizunguka ufukweni kiangazi chote. Mwaka uliofuata baba aliniita akiwa na wasiwasi. Alisema ndege wake anaumwa. Nikaenda kutazama, na kweli mgongoni kulikuwa na mabaka, manyoya meusi yakichomoza kati ya yale ya kahawia, na yale ya zamani yakidondoka mchangani. Nilisema ni ukurutu. Baba akamwongezea dagaa. Lakini ule ukurutu ulizidi kuenea, na ndege alizidi kunenepa. Kichwa kikawa cheupe. Mdomo ukaanza kupauka kwenye shina, kisha ukaingia njano. Baba alikuwa anaokota yale manyoya na kuyachomeka kwenye ukuta wa makuti wa jiko langu, ya kahawia chini, ya mabaka juu yake, meusi juu kabisa, na mimi nikipika nilikuwa nayatazama bila kuelewa ninachotazama.

Wakati huo huo tulimpata mmoja wa kahawia amekufa kwenye nyavu. Baba alimwosha mchanga, akaniambia nishike bawa moja, yeye akashika la pili, tukavuta. Nilishtuka. Mabawa yalifunguka, yakafunguka tena, mpaka yakakaribia upana wa kanga niliyojifunga. Na uzito wake haukuwa kitu, ni kama kuku aliyenyonyolewa. Ndege tuliyemwona kila siku akigombea utumbo wa samaki alikuwa amekunja ubavuni mwake kitu kikubwa namna ile. Baba alimgeuzageuza kwa muda mrefu. Aliuliza, mtu aliyekaa hapa hapa, ambaye haendi popote, anahitaji mabawa yote haya kwa kazi gani? Niseme kweli, niliogopa kidogo.

Mwisho wa mwaka wa tisini na mbili wageni walirudi na mvua, na mguu mmoja alisimama katikati yao akiwa mweusi mgongo mzima. Ukiondoa ule mguu hukuweza kumtofautisha. Baba alitangaza ufukweni kwamba wa kahawia na mweusi ni mtu mmoja. Wavuvi walimwambia mbuzi hazai ng'ombe. Mume wangu, ambaye alimpenda sana baba yangu, alimshauri akae kivulini zaidi.

Aliyemaliza ubishi ni bwana samaki, afisa aliyekuja kutoka Mpanda kukagua matundu ya nyavu. Wavuvi walimpelekea kesi ile wakitaka waicheke pamoja, ili labda asahau nyavu. Alikaa kwenye jiwe, akamtazama yule ndege, akasema baba yuko sahihi. Akasema hao ni shakwe, na wa kahawia ni watoto wao, na mtoto anachukua miaka mitatu, hata minne, mpaka avae lile vazi jeusi. Mayai yao hayako Zaire wala Mwese. Wanataga kaskazini, mbali kupita Sudani, kupita Misri, kupita hata hizo Ulaya tunazozisikia, kwenye visiwa ambako maji huganda yakawa mawe na katikati ya mwaka jua karibu halizami. Mtoto akishajua kuruka tu, bado ana miezi michache, anakuja mpaka huku. Anakaa miaka yake ya utoto huku, haendi na wakubwa. Akikomaa ndipo anarudi kule alikoanguliwa, mara nyingi kisiwa kile kile, anataga, kisha mvua zetu zikianza anashuka tena kwenye ziwa lile lile alilokulia.

Mimi nilikuwa nimeshika fagio na nilisahau kufagia. Nilitazama wale wezi wangu mstari mzima juu ya mawe, nikaona kama nimekuwa nikiwarushia mawe watu waliotoka mbinguni. Mchanga wetu tu, pale Ikola, ambapo hata lori likija linashangiliwa, ulikuwa unajulikana na kiumbe aliyeliona jua lisilolala. Mzee mmoja wa nyavu aliuliza kama jua halizami wanajuaje saa ya kulala, watu wakacheka, na nadhani walicheka ili wapumue.

Baba hakucheka. Aliuliza swali moja tu, wale watoto njia wanaikumbukaje. Bwana samaki alisema hilo, mzee wangu, hata sisi hatulijui vizuri. Kisha akakagua nyavu, na hakusahau hata moja.

Mvua zilipoelekea kukatika nilimwona baba haketi. Shakwe walikuwa wameanza kukusanyika kwenye ncha ya mchanga, wanakula kwa pupa, wanaoga, wanajichana manyoya, halafu wanasimama wote wakitazama upande mmoja. Asubuhi ya siku yenyewe hakukuwa na upepo. Walinyanyuka bila kelele, wale waliokuwa wakipiga kelele maisha yao yote, wakazunguka juu ya ziwa, duara juu ya duara, wakipanda bila kupiga bawa. Niliacha ndoo. Wanawake wote waliacha. Yule wa mguu mmoja aliyumba kidogo kwenye jiwe lake, akatazama huku na huku, akaruka. Tulimfuata kwa macho mpaka hatukujua tena yupi ni yeye. Walipofika juu kabisa walinyooka kuelekea kaskazini, na anga ikabaki tupu. Machozi yalinitoka, na sikuona aibu, kwa sababu sijawahi kuona kitu kikubwa kama kile kikifanyika bila mtu kuamrisha.

Baba alisema, "Kumbe hakuwa mwenyeji. Alikuwa anakua tu."

Wiki hiyo hiyo aliniambia anakwenda Burundi kumwona mama yake. Mwaka ule habari za huko zilikuwa nzuri, redio ilizungumza amani, na watu kadhaa wa Mishamo walikuwa wameanza kufunga mizigo. Mimi nilikasirika vibaya. Nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni, sikuwa na mama, na baba huyo ndiye aliyekuwa ukoo wangu wote upande huu wa dunia. Nilijua akienda na mambo yakaharibika sitampata tena. Nikamwambia maneno makali, kwamba amepotezwa na ndege, na kwamba shakwe hana mjukuu anayemlilia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mama yangu yuko hai, mwanangu," alisema. "Mkataa kwao ni mtumwa. Niache nikamwone, mwezi wa kumi na moja mtanikuta hapa."

"Na wakikuzuia?"

"Nani amzuie mtu anayekwenda kumwamkia mama yake?"

Kibali kilichukua muda kupatikana, na kiangazi kilikuwa kimekolea alipoondoka. Meli ilikuja, ikasimama mbali majini kama kawaida, na mume wangu akampeleka kwa mtumbwi. Baba yangu, aliyelichukia lile ziwa, alikaa katikati ameshika pande zote mbili kwa mikono, hakugeuka kunitazama. Nilijua hageuki kwa kuogopa kuanguka, lakini moyo wangu ulisema mengine. Nilirudi kwenye dagaa na nikawatandaza vibaya siku nzima.

Mwezi wa kumi redio ikabadilika. Sitaeleza yaliyosemwa, waliokuwa wakubwa wanayakumbuka. Watu wakaanza kufika Kigoma kwa miguu na kwa mitumbwi, wengi kuliko tulivyoweza kuelewa, na kila meli iliyoteremka kusini niliisubiri ufukweni na mtoto mgongoni. Walishuka wachuuzi, walishuka wanafunzi, walishuka watu waliobeba godoro bila mtoto na mtoto bila mama. Niliwauliza wote. Hakuna aliyekijua kilima chetu. Mume wangu aliacha kunitania, na nilipoona ameacha ndipo nilipoogopa kabisa.

Mvua ya kwanza ilinyesha, na asubuhi nilipotoka na ndoo, shakwe walikuwa wamejaa kwenye mawe. Sikutaka kutazama. Kisha mmoja akatua mbele yangu, akayumba, akasimama sawa kwa mguu wake mmoja. Alikuwa mweusi na mweupe, mdomo wa njano, safi kama amenunuliwa leo. Nilisimama pale na ndoo yangu. Amevuka jangwa, nikawaza, amevuka nchi ambazo watu wanauana, amefika kwenye barafu akataga au akatagiwa, akageuka, na katika fukwe zote za dunia ameipata hii, na jiwe hili. Nilimstaajabia. Na hapo hapo nikamchukia, nikisema Mungu wangu, huyu umemwonyesha njia yote ile, na baba yangu wa kilometa chache hizi umemwacha wapi? Nikamwagia ndoo nzima ya dagaa. Wenzake wakaja wote wakala, nami nililia kwa sauti mbele ya wanawake wenzangu, nao hawakuniambia ninyamaze.

Mwezi wa kumi na moja ukaisha. Krismasi ikapita, wimbo wa kanisani ulinishinda kuimba. Nilianza kukubali, kidogo kidogo, siku baada ya siku, kwamba njia wengine wanakumbushwa na wengine hawakumbushwi.

Alikuja mvua zikiwa kali. Siku hiyo hata sikuisubiri meli, nilikuwa nawaokoa dagaa na wingu lilikuwa limeshafika juu yetu, tunakusanya kwa mikono na kwa kanga. Mtu akapiga magoti kando yangu, akaanza kuzoa dagaa pamoja nami, anawatia kwenye ndoo kwa viganja, kwa haraka ya mtu anayejua thamani yao. Niliiona mikono kwanza. Alikuwa amekonda, koti si lake, na nywele zilikuwa zimeingia mvi upande mmoja. Sikumkumbatia. Nilimkaripia. Nilimwuliza alikuwa wapi, kwa nini hakutuma mtu, anajua nimelia kiasi gani, na wakati wote huo mikono yangu ilikuwa inazoa dagaa na mchanga pamoja.

Alijibu moja moja. Mama yake alimkuta hai, naye bibi akamtambua mwanawe kabla hajataja jina. Alikaa naye mpaka alipofariki kwa ugonjwa wa uzee, kabla ya mambo kuharibika, na alimzika kwa mikono yake mwenyewe mahali alipotaka bibi. Kisha moto ulipowaka alitembea mpaka Kigoma.

Nilimwuliza kwa nini hakubaki Kigoma na wenzake, kwenye kambi, kwenye chakula cha bure, maana barabara na ziwa vilikuwa vibaya na angeweza kufa njiani akija huku. Mvua ilianza kutupiga. Alifunika ndoo kwa koti lake.

"Huku mnaniita Mrundi," alisema. "Nimefika kule, wananiita Mtanzania. Nikakaa nikafikiri, ni wapi sasa nikifika mtu atanigombeza kwamba nimechelewa?"

Tulinyanyua ndoo pamoja, yeye mkono mmoja na mimi mkono mmoja, tukakimbilia jikoni.